Dhahabu ya Gaddafi

Mwaka 2011 Saza ilikuwa bado Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuwa haujazaliwa. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha sita mwezi Februari, nikakaa hadi Oktoba nikisubiri chuo, na baba mdogo akanipa kazi ya kushika daftari kwenye kibanda chake cha kununulia dhahabu. Vita ya Libya ilianza na kuisha ndani ya miezi hiyo hiyo.

Mchimbaji huuliza bei kabla ya salamu. Septemba ile aunsi moja ilivuka dola 1,900 katika soko la dunia. Redioni walitaja madeni ya Ulaya na Marekani. Kwenye makarasha ya Saza jibu lilikuwa moja tu: Gaddafi. Alitaka Afrika iwe na sarafu ya dhahabu, wazungu wakaona dola itakufa, wakamshushia mabomu. Kwa watu wanaoshinda wakisaga mawe ili wapate gramu moja, hadithi hiyo ilikuwa tamu. Maana yake ni kwamba kile kivumbi cha njano kilicho kwenye karatasi yangu ya kupimia kinaweza kuwatoa NATO usingizini.

Haikuwa ya hewani kabisa. Barua pepe za Hillary Clinton zilipotolewa hadharani miaka ya baadaye, ilikutwa moja ya Aprili 2011 kutoka kwa Sidney Blumenthal, ikitaja tani 143 za dhahabu na mpango wa sarafu kwa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Lakini Blumenthal hakuwa na cheo serikalini, na alinukuu watu asiowataja. Kinachonikera zaidi ni wale ambao hadithi inawafuta. Benghazi iliwaka baada ya kukamatwa kwa Fathi Terbil, wakili wa familia za wafungwa wanaosemekana kuuawa katika gereza la Abu Salim mwaka 1996, zaidi ya 1,200. Mama aliyesubiri miaka 15 kuambiwa mwanawe yuko wapi hakuhitaji kutumwa na mtu.

Inatufuta hata sisi. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la tarehe 17 Machi, lilipigiwa kura ya ndiyo na Nigeria, Gabon na Afrika Kusini. Umoja wa Afrika nao ulikuwa umeunda kamati ya marais watano kutafuta suluhu. Mabomu yalipoanza, wakanyimwa ruhusa ya kuruka kwenda Libya. Walipofika Tripoli tarehe 10 Aprili, Gaddafi aliukubali mpango wao. Benghazi waliukataa, kwa kuwa haukusema aondoke.

Karasha la jirani yetu lililindwa na mzee tuliyemwita Afande. Jioni moja vijana walikuwa wakimsifu Gaddafi, rafiki wa Afrika, mpaka msikiti katujengea Dodoma. Afande akasema, bila kuinua sauti, "Rafiki yenu huyo alinirushia makombora Lukaya."

Ilikuwa Machi 1979. Walibya waliotumwa kumwokoa Idi Amin waliishambulia brigedi yao ya 201, wengi wao wanamgambo, nao wakatawanyika gizani. Kesho yake wenzao wa 208 wakawazunguka Walibya kwa nyuma. Baadhi ya mateka, alisema, walidhani wameletwa Uganda kwa mazoezi. (Mwezi huo huo ndege ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Hapo vijana walicheka.)

Kisha mmoja akauliza: "Sasa Afande, samahani, si na sisi tulimtoa rais wa watu? Tofauti yetu na NATO iko wapi?"

Swali hilo Nyerere aliulizwa kwa ukali zaidi Monrovia, Julai 1979, na Nimeiri na Obasanjo. Afande alijibu kama Mwalimu: Amin ndiye aliyetangulia kuja Kagera. Halafu akanyamaza, kijiti kikiwa mdomoni. "Lakini mimi nimekaa Kampala hadi 1981, mwanangu. Lule siku 68. Binaisa, wanajeshi wakamtoa. Uchaguzi, wakagombana, watu wakaingia msituni. Tulikuwa na bunduki, hatukuwa na cha kuwaambia."

NATO hawakukaa hata hivyo. Gaddafi aliuawa Sirte tarehe 20 Oktoba. Operesheni yao ikafungwa tarehe 31. Obama alikuja kusema mwaka 2016 kwamba kosa lake kubwa lilikuwa kutojiandaa kwa siku iliyofuata. Tangu 2014, kwa sehemu kubwa ya muda, Libya imekuwa na serikali zinazovutana, na uchaguzi uliopangwa Desemba 24, 2021 haukufanyika.

Tarehe 20 ile nilikuwa nimeshafika chuo. Nilimpigia baba mdogo. Alisema vijana wamezima karasha, wamejazana kwenye kibanda cha video kuangalia zile picha, na Afande amesimama mlangoni akiuliza jambo moja: maghala ya silaha kashika nani?

Januari 2012 Watuareg waliorudi na silaha za Libya walianza vita kaskazini mwa Mali. Machi, jeshi lilimpindua Rais Amadou Toumani Touré, mmoja wa wale watano wa kamati.