Kiatu Kinacholia

Alfajiri, kabla ya tarumbeta, sauti ya kwanza katika nyumba za askari ilikuwa mlio wa kiatu. Kiatu hicho ni cha sajini mmoja aliyevunjika mguu kazini, naye anajifunza upya kutembea kwa magongo. Ndani yake mna soli nyembamba yenye vipimo. Mguu ukibeba uzito kupita kadiri aliyoamriwa na daktari, soli hulia. Akizidisha, mfupa waweza kuhama. Akiogopa mno, mguu hudhoofu.

Mkewe aliupenda mlio ule, kwani ulimpunguzia kazi ya kuonya. Baada ya wiki chache sajini aliweza kuuzunguka ua bila kiatu kulia hata mara moja. Lakini siku betri ilipokwisha, alikwenda hatua tatu tu akasimama, akiutazama mguu wake kama mali ya mtu mwingine. Hakujua tena ameukanyagia kiasi gani.

Vyombo vya kuvaliwa vya namna hii vimekuwa vingi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza walieleza habari za koti lenye vitetemeshi vidogo, linalomgusa mwanafunzi wa fidla mkono wake unapopotoka. Kazi yake ni njema: kumwambia mtu jambo ambalo mwili wake haujalihisi. Lakini chombo kisemacho daima huzaa utegemezi.

Mwaka 1996 Carolee Winstein na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi unaolihusu jambo hilihili. Watu wazima wenye afya, wakitumia magongo, walifundishwa kuukanyagia mguu sehemu tu ya uzito wao. Walioelezwa papo hapo wakati wa kukanyaga walifanya vema zaidi katika mazoezi. Lakini walipopimwa baadaye bila kuelezwa chochote, walishindwa na wale waliokuwa wakipewa habari baada ya kukanyaga. Asikiaye chombo kila hatua huacha kuusikiliza mwili wake.

Askari wanaifahamu kanuni hiyo. Mkufunzi wa kwata huhesabu "kushoto, kulia" siku za mwanzo, kisha hunyamaza ili kikosi kishike mwendo chenyewe. Asiyenyamaza kamwe hajamaliza kufundisha.

Kwa idhini ya daktari, siku hizi mizani ya nyumbani huwekwa sakafuni kila jioni. Sajini hukanyaga huku akiangalia ukutani, akataja uzito anaoudhani. Ndipo mkewe husoma mshale.

"Umezidisha kidogo, baba watoto."

Hukanyaga tena. Kiatu hukivaa bado, lakini si kila safari. Asubuhi nyingine majirani hawasikii chochote ila magongo yakigonga ardhi, na nyayo mbili zikifuatana polepole kuelekea lango la kambi.