Tusome Nyimbo za Jirani kwa Adabu

Mwanafunzi wa Kimamba hana haja ya kupanda garimoshi ili akutane na makabila mengine. Makabila yalikuja yenyewe zamani. Wenyeji wa nchi hii ya Kilosa ni Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Kisha Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yakafunguliwa kandokando yake. Hapo wakaja watu wa kazi kutoka Unyamwezi, Uha, Ubena, Ungoni na kwingineko. Waliitwa manamba, maana kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mkonge haukubaki na nguvu yake ya zamani, lakini wajukuu wa manamba tungalipo, na darasani twaketi pamoja na wana wa Wakaguru na wana wa wafugaji wa Kimaasai na Kiparakuyo.

Mimi mwenyewe ni tunda la mchanganyiko huo. Baba yangu ni Muha, na kwa Waha mtoto ni wa ukoo wa baba. Mama yangu ni Mkaguru, na kwa Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Basi kila upande wanidai, nami sioni hasara.

Muhula huu, katika somo la fasihi simulizi, tulipewa kazi ya kukusanya nyimbo na mashairi ya wazee wetu, kuyaandika katika madaftari na kuyafasiri kwa Kiswahili. Kazi hii imenionyesha kwamba shairi la jirani laweza kusomwa kwa njia mbili. Mmoja husoma akitafuta kichekesho, naye hukipata upesi. Mwingine husoma akiuliza: watu hawa waliimba haya kwa sababu gani?

Nitatoa mfano. Mwenzetu mmoja alileta wimbo uimbwao na watani msibani. Maneno yake ni ya kejeli. Marehemu anasemwa kwa ulafi na uvivu wake. Darasa likacheka, na mmoja akauliza, "Watu gani hawa wasio na haya mbele ya maiti?" Jioni nilimwendea bibi, mzaa mama. Nilipokwisha kumwamkia shikamoo naye kuniitikia marahaba, nikamweleza yaliyotokea. Akasema, "Mjukuu wangu, mtani hatukani. Wenye msiba wameelemewa, hawawezi kushika kazi zote za kifo wenyewe. Mtani ndiye awasaidiaye, na ulimi wake ni sehemu ya kazi hiyo. Akinyamaza ndipo tutakapoona ametudharau."

Maneno hayo yalinifungua macho. Wimbo ule haukuwa utovu wa adabu, bali ulikuwa adabu yenyewe. Aliyeusoma pasipo kuujua utani alikuwa kama mtu aliyeokota ufunguo akaucheka kwa kuwa si kijiko.

Mfano wa pili ni nyimbo zimsifuzo mjomba. Kijana wa kabila lifuatalo ukoo wa baba aweza kusema, "Mbona baba amesahauliwa? Hawa hawawaheshimu baba zao." Lakini Wakaguru, Wasagara na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ndugu wa mama ana neno kubwa katika mambo ya ukoo ule. Anayemsifu mjomba wake amesifu ukoo wake wote, wala hajamtupa baba.

Mfano wa tatu watoka kwa jirani zetu wenye ng'ombe. Wengi husema kwamba Wamaasai wanaimba ng'ombe tu. Ni kweli kwamba ng'ombe wamejaa katika nyimbo zao, lakini yapasa kujua imani yao, kwamba Mungu ndiye aliyewapa ng'ombe. Basi asifuye ng'ombe amesifu pia zawadi na mwenye kuitoa. Tena neno lao la Mungu, Enkai, ndilo pia neno la mvua. Nilipolijua hilo niliwakumbuka wazee wa upande wa mama, waendao kutambika kwa pombe na unga mvua inapochelewa. Mkulima na mfugaji hugombania maji na malisho chini, na wote wawili huinua macho kuiomba mvua ile ile.

Jambo hili si mchezo kwetu. Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani humu humu Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Sisi tulio shuleni leo hatukuwa tumezaliwa, lakini wazee wakilitaja jina la kijiji kile hushusha sauti. Sidai kwamba mashairi yangalizuia mauaji yale, maana ardhi na maji vyataka sheria na mipaka ya haki. Lakini najua kwamba ni rahisi kumpiga mtu uliyekwisha kumfanya kichekesho, na ni vigumu zaidi kumpiga mtu ambaye unaijua sala yake.

Washairi wakubwa wametutangulia katika njia hii. Okot p'Bitek wa Uganda alitunga Wimbo wa Lawino kwanza kwa Kiacholi, na mwaka 1966 ukachapishwa kwa Kiingereza. Sisi twaweza kuusoma kwa Kiswahili. Humo mke anamjibu mume aliyesoma, ambaye anadharau vyakula, ngoma na dawa za kwao. Msomaji wa Kimamba asiyepata kuwaona Waacholi huusikia uchungu wa mwanamke yule kana kwamba ni shangazi yake.

Karibu zaidi nasi alikuwako Mathias Mnyampala, Mgogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Lakini hakujifungia katika mambo ya kwao. Alijifunza vina na mizani ya watu wa pwani. Naye aliyekuwa Mkristo akaitunga Enjili kwa utenzi, bahari ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wameitumia siku nyingi kwa mambo ya dini yao. Alikiheshimu cha jirani kwa kujifunza vema kanuni zake, wala hakuacha kuwa Mgogo wala kuwa Mkristo.

Nataja hilo kwa sababu wako wenzetu wanaoogopa. Wasema kwamba kusoma nyimbo za matambiko ni kuingia katika ushirikina. Mimi huenda kanisani kila Jumapili, na sitambiki. Lakini kuheshimu si kuabudu. Wala kuheshimu si kukubali kila desturi. Iko ambayo yafaa ibadilike, na wenyewe huibadilisha. Ila asiyejua maana ya jambo hawezi kulikubali wala kulikataa kwa haki.

Limebaki moja, nalo ndilo gumu. Nilimwomba bibi nyimbo za mafunzo ya wasichana wanapovunja ungo. Akaniimbia za kulimia na za kubembelezea watoto, lakini hizo akakataa. "Hizo zina mahali pake na watu wake," akasema. Baadhi ya wenzangu walinishauri nizipate kwa hila, kwa kumrekodi kwa simu mtu mwingine asiyejua, ili daftari letu litimie. Sikuona kuwa ni haki. Siri ya jando na unyago si mali iliyopotea njiani hata aiokotaye aichukue. Pahali pa nyimbo zile nimeandika kwamba ziko, na kwamba wenyewe hawakutoa ruhusa. Naona ukurasa ule mtupu wafundisha kama kurasa nyingine.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, naomba tushike desturi tatu katika kazi hii. Kwanza, tusiandike wimbo wowote pasipo kuuliza unaimbwa lini, na nani, na kwa kazi gani. Pili, tafsiri yetu isomwe mbele ya mwenye lugha kabla haijapelekwa kwa mhariri, ili atusahihishe. Tatu, tukiambiwa "huu usiandikwe," tushukuru na tufunge daftari. Likizo i karibu. Kila mmoja wetu atakwenda kwao, na jirani wa kabila jingine hakosekani. Tumpigie hodi, tumwamkie kama ipasavyo, tukae chini tusikilize.