Kizuri, lakini

Ukimwuliza mtu kitabu ulichomwazima kimekwendaje, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: kizuri. Atakurudishia, atauliza habari za nyumbani, na habari ya kitabu imeishia hapo. Sina ugomvi na neno lenyewe, ila halinisaidii. Chai nayo ni nzuri. Hali ya hewa nayo ni nzuri. Mtu aliyekaa na riwaya wiki mbili hawezi kuwa na hilo tu la kusema, na kama analo hilo tu, basi ama hakusoma ama anaogopa.

Ndiyo maana niliamua kununua kaunta buku. Mimi ni mhasibu, naishi Nyakato hapa Mwanza, na sebuleni kwangu kuna kabati la vitabu vya Kiswahili ambalo majirani walianza kulikopa kabla hata sijawaruhusu. Masharti ni mawili. Unapochukua, unaandika jina na tarehe. Unaporudisha, unaandika chini yake neno lolote kuhusu ulichosoma, isipokuwa "kizuri" na "kibaya". Wengine walinung'unika, eti nimewarudisha shule. Wakaandika hivyo hivyo.

Kurasa za mwanzo zinachosha, niseme ukweli. Zimejaa watoto wa sekondari, na watoto wa sekondari wanaandika kama wapo kwenye chumba cha mtihani. "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kuonesha nafasi ya mwanamke katika jamii." Utakuta sentensi hiyo hiyo chini ya vitabu vitatu tofauti. Siwalaumu. Wamefundishwa kwamba riwaya ni mfuko wa dhamira, unaingiza mkono unatoa moja moja: umaskini, mapenzi, rushwa, ukombozi wa mwanamke. Hakuna aliyewauliza walichekea wapi, au wapi walitaka kukitupa kitabu ukutani.

Watu wazima ndio walioanza kuniamsha. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyebeba mizigo bandarini zaidi ya miaka ishirini. Alichukua *Kuli* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Alikaa nayo mwezi mzima. Aliporudisha aliandika kwamba kitabu kinasema kweli juu ya mabosi na juu ya njaa, lakini kuna kitu kilimsumbua: makuli wa kwenye kitabu wanazungumza kuhusu haki kuliko kuhusu mgongo. "Sisi tulikuwa tunaongea mgongo tu, haki ilikuja baadaye." Nimesoma insha nyingi za wasomi juu ya riwaya hiyo, nyingine ndefu na zenye maneno mazito. Hakuna iliyonipa kitu kama mstari ule.

Karani mmoja wa mahakama ya mwanzo alichukua *Kusadikika*. Mnakumbuka habari yake: Karama anashtakiwa na waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia kifungoni. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, wakati wa mkoloni, na kila mwalimu atakwambia Kusadikika ni nchi gani. Karani hakujali hilo. Aliandika: "Mshtakiwa anaachwa aongee mpaka amalize. Hii nchi ni ya kusadikika kweli." Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaacha kucheka, maana yule bwana anakaa mahakamani siku tano kwa wiki na anajua anachosema.

*Siku Njema* ya Ken Walibora ndiyo iliyotoka kabatini mara nyingi kuliko zote. Mtoto Kongowea, mama yake mwimbaji, mama anafariki, na kijana anatoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Wengi waliandika kwamba walilia. Nesi mmoja aliyezaliwa Tanga naye alilia, lakini akaongeza kwamba bahati inamsaidia sana yule kijana: kila akikwama, mtu anatokea. "Wodini kwetu mtu hatokei." Mimi naona ana haki, na bado nakipenda kitabu. Walibora alikuwa na huruma na wahusika wake, na wapo wasomaji wanaohitaji kuona mtu akitokea. Tumeubishania huo mstari mpaka leo, mimi na nesi, na hakuna aliyeshinda.

Wa kunibadilisha macho kabisa alikuwa mama anayeuza genge kona ya mtaa wetu. Alisikia *Vuta N'kuvute* imetengenezewa filamu, akasema aanze na kitabu kwanza asije akadanganywa. Kila mtu akizungumzia riwaya ile anazungumzia Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza akiwa na miaka kumi na mitano, na Denge, kijana wa siasa anayesakwa na polisi wa Waingereza. Mapenzi yao, ujasiri wao, kuvuka kwao mipaka ya rangi na dini. Mama genge aliandika hivi: "Wote wanamsifu Yasmin na Denge. Mwenye chumba ni Mwajuma." Basi. Nilikisoma upya kwa ajili ya mstari huo. Na kweli, toa Mwajuma, toa chumba chake cha Ng'ambo, Yasmin anarudi kwa nani? Ndugu zake wamemfungia mlango. Nani atampikia, atamsitiri, atampa khanga ya kubadilisha? Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara mbili kabla, na Mwajuma kwangu alikuwa mcheshi wa pembeni tu.

Sasa nifike kwenye *Rosa Mistika*, maana hapo ndipo kaunta buku lilipoacha kuwa mchezo.

Riwaya hii Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971. Ilizuiwa isitumike mashuleni, na baadaye milango ikafunguliwa. Kwa sisi wa huku ina uzito wake wa pekee, kwa sababu ni ya Ukerewe, kisiwa ambacho meli yake tunaisikia ikipiga honi. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi na mkali, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Msichana anakua akiwa hajui kuzungumza na mwanaume, anakwenda kusoma mbali na nyumbani, uhuru unamkuta hana maandalizi, na wanaume wenye vyeo wanamtumia. Mwisho wake ni kujiua. Hata hapo Kezilahabi hakomi, anaipeleka kesi mbinguni.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliichukua. Baada ya siku chache, jioni ya Jumamosi, baba yake alisimama mlangoni kwangu na kitabu kimefungwa kwenye gazeti, kama mtu aliyebeba nyama.

"Dada, hiki ndicho unachowapa watoto?"

Nikamkaribisha. Akakataa kukaa. Nikamwuliza kama amekisoma.

"Nimesoma kinachotosha."

Nikamwambia, kaka, kisome mpaka mwisho, halafu uje tugombane vizuri. Nilidhani angekitupa pale kizingitini. Akakikunja tena kwenye gazeti, akaondoka nacho.

Zikapita wiki tatu. Binti haonekani. Mama genge akaniambia kwamba nyumba ile kumekuwa na kelele, mkoba wa binti ulipekuliwa, na kulikuwa na karatasi ndani yake. Nilipata usingizi wa shida siku zile. Ni rahisi kusema fasihi ni kioo cha jamii ukiwa umekaa kwenye kochi. Kioo kikipasukia mikononi mwa mtoto wa mwenzio, unaanza kuhesabu vidole.

Yule baba alirudi. Safari hii alikaa. Alikunywa maji, akaniambia kuwa yeye ni mzaliwa wa Ukerewe, anawafahamu akina Zakaria wa kweli, na mmoja wao ndiye aliyemlea. Kisha akaomba kalamu. Aliandika taratibu, kwa herufi kubwa:

"Mwandishi amemwonea baba. Hakuna aliyemfundisha namna nyingine."

Hakusema zaidi, na mimi sikumhoji. Alipoaga aliomba kitabu kingine, ila kisiwe na baba wala binti. Nikampa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, Bwana Msa na kiko chake wakifuatilia mauaji Unguja. Alikirudisha baada ya siku nne, akaandika "kizuri" kinyume cha masharti yote, na nikamwachia.

Binti alikuja wiki iliyofuata. Kama alikuwa na ruhusa sikuuliza. Alifungua kaunta buku kutafuta mahali pake, akakuta mwandiko wa baba yake. Alisoma. Nilijifanya napanga vitabu. Aliandika neno moja chini ya yale maneno, akafunga, akachukua kitabu kingine akaenda zake. Nilipofungua nikakuta:

"Hakumwonea."

Kwa miezi kadhaa sasa nimekaa na maoni haya mawili, na nimeisoma riwaya upya nikiwa na kila mmoja wao begani. Nikimsikiliza baba, naona kwamba kweli Kezilahabi hampi Zakaria nafasi kubwa ya kueleweka. Tunamwona na pombe yake, na fimbo yake, na mke wake Regina anavyovumilia. Hatujui alikuwa mtoto wa namna gani. Mwandishi mwingine angetupa sura nzima ya utoto wake, tumwonee huruma. Nikimsikiliza binti, naona kwamba sura ya namna hiyo ingekuwa inaibiwa Rosa. Kuna wakati kitabu lazima kichague kusimama upande wa anayepigwa, na maelezo ya mpigaji yasubiri. Mimi niko upande wa binti. Lakini bila baba yake nisingejua kwamba kuna pande.

Na kuna jambo jingine ambalo wote wawili hawakuligusa, nalo ndilo linalonikera zaidi kila nikirudia: Zakaria amebeba lawama yote mdomoni mwa wasomaji, wakati wale wenye vyeo waliomtumia Rosa wanapita kama upepo. Kwenye kaunta buku langu, kati ya watu kumi na mmoja walioisoma, hakuna hata mmoja aliyewataja. Nesi nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Hao tumewazoea."

Kuna watu wameniuliza kama bado nawaazima wasichana *Rosa Mistika*. Naazima. Siku hizi namwambia anayechukua kwamba kina mwisho mgumu, na kwamba akitaka kuzungumza mlango uko wazi. Mzazi akija, namwambia asome naye. Wawili wamekubali. Mmoja aliondoka akinitukana, na sauti yake ilifika mpaka kwa mama genge.

Kilichobaki nje kwa sasa ni *Nagona*, ya huyo huyo Kezilahabi, ya mwaka 1990. Kurasa zake hazifiki mia, na watatu waliotangulia waliirudisha bila kumaliza. Mmoja wao aliandika kwamba alihisi anaota ndoto ya mtu mwingine, jambo ambalo kwangu ni sifa, ingawa yeye alikusudia lawama. Iko kwa fundi friji wa jirani tangu mwezi wa tatu. Juzi nilimkumbusha. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akasema amekisoma mara mbili hajaelewa, na nisimdai, kwa sababu mara ya pili hakuelewa tofauti na alivyokuwa hajaelewa mara ya kwanza.