Ukienda Ngazija: Adabu za Mgeni



Mara kwa mara hunijia vijana, na pengine mtu na mkewe, wakaniambia: "Maalim, twataka kwenda Ngazija kuzuru. Hatujapata kufika. Tupe wasia." Huniuliza mimi kwa kuwa nimekwenda mara 3. Lakini sababu ya kweli ya mimi kufaa kuulizwa ni nyingine, nayo ni kwamba safari yangu ya kwanza nilifanya kosa. Leo nataka kuuandika wasia huo pamoja na kosa lenyewe, ili usomwe majumbani.

Visiwa vya Komoro viko baharini baina ya Msumbiji na Bukini. Ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza vilijitawala tarehe 6 Julai 1975, na Maore ikabaki chini ya Ufaransa. Wenyeji karibu wote ni Waislamu, na madhehebu yao ni ya Imam Shafii kama sisi. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa Kadhi wa Unguja na kufariki huko mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, katika kisiwa cha Ngazija, mwaka 1861. Basi elimu yetu na yao imetoka chuo kimoja.

Na hapa ndipo mtu wa pwani anapoteleza. Akifika husikia adhana aijuayo, huona kanzu na kofia, akaona amefika kwao. Anaacha kuwa mgeni. Akienda nchi ya watu wasio wa dini yake hujihadhari na kuuliza kila jambo, lakini kwa ndugu zake Waislamu haulizi neno. Hilo ndilo ninalotaka kulitahadharisha. Udugu wa dini hauondoi haki ya mwenyeji. Unaizidisha.

Nianze na mambo madogo. Nenda miezi ya ukavu, baina ya Mei na Oktoba, kwani toka Novemba hadi Aprili kuna joto na mvua nyingi. Chukua fedha taslimu. Sarafu yao ni faranga ya Komoro, nayo imefungamanishwa na yuro, kwa hiyo yuro hubadilika kwa urahisi, ama kadi ya benki usiitegemee. Chukua chandarua, na kabla ya safari muulize daktari juu ya dawa ya malaria. Mwanamume avae nguo ya kumsitiri, na mwanamke ajisitiri kama atokavyo kwao kwenda maulidini. Ukitaka kuupanda mlima Karthala, ambao ni mlima wa moto wenye urefu wa mita 2,361, usiende bila ya mwenyeji anayezijua njia zake. Usimpige mtu picha mpaka akuridhie. Na ukiwa umenuia kukaa siku 4 kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, basi timiza sala zako wala usikusuru.

Jifunze na salamu zao. Siku yangu ya kwanza nilimpa mtoto tende mbili, akaniambia: "Marahaba." Nilikasirika moyoni, nikasema mtoto huyu hana adabu, anajifanya mkubwa wangu! Kumbe kwao "marahaba" ni ahsante. Neno ni moja na maana ni mbili. Nilipoambiwa nilicheka, lakini lilitosha kuwa onyo kwangu, nami sikulishika.

Jambo jingine ni Maore. Tangu mwaka 1995 Mkomoro hawezi kwenda Maore bila ya viza, na watu wengi sana wamekufa maji wakivuka kwa mashua ndogo usiku. Kwa hiyo likizungumzwa jambo hili mbele yako, nyamaza usikilize. Hujui kama mwenye kukuandalia chai amefiwa na mwanawe katika bahari ile.

Sasa nije kwenye kosa langu. Ilikuwa Oktoba 1991, nami kijana, mwalimu wa chuo, nimejaa elimu niliyoisoma na sijajaa bado akili ya kuitumia. Nilifikia katika nyumba ya mzee mmoja, katika mji mdogo kaskazini ya Moroni. Alinipa chumba kizuri cha nyumba, akawahamishia watoto ukumbini. Nilipomsifu kwa nyumba yake alitabasamu, akasema: "Si yangu, Maalim. Ni ya mama watoto." Huko Ngazija ndivyo ilivyo. Nyumba ni ya mwanamke, na mume huhamia kwa mkewe. Kwa hiyo wewe mgeni, mwenye kukukaribisha hasa ni mama usiyemwona, aliye nyuma ya pazia. Mshukuru yeye pia.

Usiku wa pili, baada ya Isha, wazee walinikaribisha bangweni. Bangwe ni uwanja wa mji, wenye viti vya mawe, wanapokaa wanaume kuzungumza mambo yao. Wakaniomba niseme neno. Nami nilikuwa nimesikia habari za anda, ile harusi kubwa ya Ngazija. Mwanamume hukusanya mali miaka na miaka, akatoa dhahabu, akaulisha mji mzima. Asiyeitimiza hahesabiwi katika wakubwa wa mji, hata akiwa na mvi. Nikaona hapa ndipo pa kusema. Nikasema juu ya israfu karibu saa nzima. Nikawaambia kuwa wabadhirifu ni ndugu wa mashetani, na kwamba fedha zile zingejenga vyuo. Mwenyeji wangu alikuwa amekaa mbele yangu, na mwaka uliotangulia ndio aliomwoza binti yake mkubwa. Wazee wakasema "marahaba", wakaondoka mmoja mmoja. Nikarudi nyumbani nikijiona nimefikisha ujumbe.

Kesho yake niliamka kabla ya alfajiri. Kulikuwa na giza, nikatoka uani kutawadha, nikaona taa. Binti mdogo wa nyumba ile, umri wake labda miaka 11, alikuwa akiingia mlangoni na ndoo kichwani, nguo zake zimerowa mabegani. Akaimimina katika mtungi niliokuwa nikiutumia mimi, akatoka tena. Nikamfuata kwa macho. Alikwenda nyumba ya pili, akachota, akarudi. Mara 4.

Ndugu msomaji, kisiwa cha Ngazija hakina mto. Mvua yake ni nyingi, lakini ardhi ni mawe ya mlima wa moto, maji hupita chini kama katika chujio. Watu hukinga mvua mapaani mwao na kuihifadhi katika mabirika, na birika hilo ndilo lao mpaka mvua nyingine. Oktoba ni mwisho wa ukavu. Birika la nyumba ile lilikuwa limebaki tope. Nami kwa siku mbili nilikuwa nikioga mara mbili, na nikitawadha kama mtu aliyekaa kando ya mto Pangani, maji yakimwagika mpaka mlangoni.

Na mimi ndiye niliyekuwa nikisomesha watoto, kila mwaka, katika mlango wa twahara, kwamba Mtume, sala na amani zimshukie, akitawadha kwa mudi mmoja, nao ni maji ya kujaza viganja viwili. Hadithi hiyo naijua tangu nina miaka 9. Usiku ule nimewahutubia watu juu ya israfu, na asubuhi mtoto wao anabeba israfu yangu kichwani.

Baada ya sala nilimwuliza mzee: "Mbona hamkuniambia?" Akasema: "Mgeni akitawadha, ni haya kumwambia apunguze." Juu ya maneno yangu ya bangweni hakusema lolote. Nilimwomba anitakie radhi kwa mama wa nyumba. Yeye akajibu kutoka ndani kwa lugha yao, na mzee akanifasiria: "Anasema maji ni ya Mungu, lakini anayeyateka ni mtoto." Basi. Wala hakuonyesha ghadhabu. Chakula cha mchana kililetwa kama siku zote.

Sisemi kuwa israfu ni halali, wala kuwa anda haisemwi. Lakini Ngazija ina masheikh wake, wanaoujua mji na watu wake, na wenye haki ya kusema. Mimi nilikuwa nimelala usiku mmoja tu. Sikuuliza anda inafunga nini baina ya jamaa, wala inalisha nani. Mwenye kunasihi hutangulia kujua, na mwenye kutaka kujua hutangulia kukaa kimya. Na Mtume ametufundisha kuwa ugeni ni siku 3, na haifai mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Mimi nilimtia dhikini kabla ya siku ya tatu.

Yule binti sikumtaka radhi. Niliona haya, mtu mzima na kilemba, kumwendea mtoto. Siku ya kuondoka nilimwambia "marahaba" tu, naye akacheka kwa lafudhi yangu. Niliporudi mwaka 2009 mzee alikuwa amekwisha fariki, Mungu amrehemu, na binti ameolewa yuko Ufaransa, kama Wangazija wengi. Nikamwachia salamu mama yake. Sijui kama zilimfika. Haki ya mja haifutwi na toba peke yake mpaka mwenyewe asamehe, na haki hii ningali nayo shingoni.

Kwa hiyo wasia wangu kwako, wewe unayefunga mizigo, ni huu. Siku ya kwanza uliza: maji yenu mnayapata wapi? Kisha tazama ni nani anayeyabeba. Tawadha kwa kopo moja. Mshukuru mama aliye nyuma ya pazia. Ukipewa nafasi ya kusema bangweni, omba dua fupi ukae. Na ukimkosea mtu, hata akiwa ni mtoto, mtake radhi kabla chombo hakijang'oa nanga, usiseme nitarudi.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wageni wema katika nyumba za watu, na katika dunia hii ambayo sote tu wageni ndani yake. Amin.