Kompyuta ya Kuchezea Iitwe kwa Jina Lake

Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa mjini hakuna fedha iliyo ngumu kuitolea sababu kama fedha ya burudani. Ya karo haina mjadala, wala ya unga, mafuta ya taa na nauli haina mjadala. Lakini mtu akitaja mchezo, hata uwe mchezo wa watoto wake mwenyewe, hutazama chini, kisha hulitafutia jambo lake jina la heshima. Ndiyo maana kompyuta mpakato, yaani laptopu, aghalabu huingia nyumbani kwa jina la masomo, ilhali kila mmoja ajua kwamba ifikapo saa mbili usiku itafanya kazi nyingine.

Zamu yangu ya upatu ilipowadia, nilikabidhiwa shilingi 700,000. Binti yetu wa miaka 12 alikuwa na desturi ya kupitia kibanda cha gemu kila atokapo shuleni, akilipa kwa mechi, na mara nyingi magharibi ilimkuta huko. Baba yake, ambaye hufanya kazi ya zamu, naye ni mpenzi wa michezo hiyo tangu ujana. Tulikubaliana kwamba mchezo uhamie nyumbani. Aliyetuuliza swali gumu ni mama mkwe wangu, tunayeishi naye.

"Laki saba, wanangu, kwa mchezo?"

Mume wangu akaanza kumweleza habari za masomo. Mama akamkatiza.

"Kama ni ya mchezo, semeni ni ya mchezo. Kitu kikiingia nyumbani kwa jina la uongo, kila siku kitaleta ugomvi. Mtoto akicheza mtamgombeza, naye atajiuliza mlikinunua cha nini."

Maneno hayo yalikuwa ya malezi, lakini niliona baadaye kwamba yalikuwa pia maneno ya ufundi. Mnunuzi anayesema "ya masomo" hupewa mashine ya kuandikia barua, na hiyo haiwezi kubeba mchezo. Anayesema "ya kuchezea" bila kutaja mchezo gani huonyeshwa mashine ya bei asiyoiweza. Jina la kweli ni nusu ya ununuzi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya kwenda Kariakoo tuliketi tukaandika michezo ambayo nyumba yetu ingeicheza kweli. Baba alitaja mpira wa miguu wa kampuni ya EA, matoleo ya hivi karibuni. Tulipousoma mzigo wake tulikuta kwamba toleo la mwaka 2023 lilidai nafasi ya gigabaiti 100 katika diski, pamoja na kadi ya picha inayojitegemea. Kadi ya namna hiyo huipandisha mashine bei, na gigabaiti 100 za kupakua kwa kifurushi cha simu ni mzigo wa pili. Binti alitaja Minecraft. Kisha akataja Stardew Valley, mchezo wa kilimo uliotoka mwaka 2016, uliotengenezwa na kijana mmoja wa Marekani, Eric Barone, peke yake. Huo hudai takriban nusu gigabaiti ya diski na gigabaiti mbili tu za kumbukumbu. Tena tangu mwishoni mwa mwaka 2020 watu wawili waweza kulima shamba moja wakitazama kioo kimoja. Tukaongeza SuperTuxKart, mchezo wa mashindano ya magari, ambao ni wa bure na huchezwa na watu kadhaa kwa pamoja. Baba aliutazama mpira wake kwa huzuni kidogo, akaufuta kwa kalamu. Mfuko ulikuwa umekwisha kuamua.

Kwa fedha kama zetu, njia iliyo wazi ni mashine zilizotumika, hasa zile zilizotolewa katika maofisi ya ng'ambo baada ya miaka michache ya kazi. Kwa kawaida ni imara, kwa sababu zilitengenezwa kwa matumizi ya kila siku. Lakini hapa mnunuzi ahitaji macho. Dukani vibandiko hung'aa, na kibandiko cha i7 huwavuta wengi kuliko cha i5. Kumbe cha kutazamwa kwanza ni kizazi cha prosesa, yaani ule ubongo wa mashine. Mathalani, i7-4600U ni ya kizazi cha 4, ya mwaka 2013, nayo ina viini viwili. Prosesa i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2017, nayo ina viini vinne. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo itajayo kizazi. Kuanzia kizazi cha 10 husomwa tarakimu mbili. Ndugu mdogo aweza kumpita kaka kwa mbali, na kizuri hakihitaji kibandiko.

Kizazi cha 8 kina faida nyingine. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, hukubali rasmi prosesa za kuanzia kizazi hicho, isipokuwa chache za kabla yake. Nyingi za mashine za maofisi kama ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 na Latitude 5490 zimo katika kundi hilo. Zaidi ya hayo, zote tatu zina nafasi mbili za kuchomeka kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita ramu.

Ramu yahitaji maelezo kidogo. Mashine isiyo na kadi ya picha inayojitegemea hukopa ramu ili ichore picha za mchezo. Ikiwa na gigabaiti nne tu, mkopo huo huiacha hoi. Gigabaiti nane ndizo za kuanzia. Vipande viwili vya ukubwa sawa ni bora kuliko kipande kimoja kikubwa, maana mashine huchota kwa mifereji miwili kwa pamoja, na mchezo hutulia. Hali kadhalika diski: ile ya zamani yenye sahani inayozunguka huchelewesha kila kitu, ilhali ya SSD huufungua mchezo upesi. Gigabaiti 256 zilitosha kwa daftari letu.

Katika duka la kwanza kijana muuzaji aliniuliza, "Dada, ya kazi gani?"

Nikamjibu, "Ya kuchezea, kaka. Michezo yenyewe ni hii," nikamwonyesha karatasi.

Alicheka, lakini hakunitolea tena mashine za kuandikia barua. Nilikuwa nimebeba SuperTuxKart katika flashi, nikaomba niuendeshe kwa nusu saa. Mwenye duka alikataa, akisema mashine si ya majaribio. Tulimshukuru tukaondoka, kwani mbuzi wa kwenye gunia hapimwi kwa maneno. Duka la pili walikubali. Nusu saa si anasa. Mashine yenye feni iliyojaa vumbi huanza kwa kasi, kisha ikipata joto hujipunguzia nguvu, na mchezo ukaanza kukwama. Dakika tano za kwanza hazitaonyesha hilo. Tulichomoa chaja pia, tuone itakavyokuwa umeme ukikatika. Tulibonyeza kila kitufe cha kibodi, hasa vile vinavyotumika sana michezoni. Tuliizima na kuiwasha upya, tuhakikishe haijafungwa kwa nenosiri la ofisi ilikotoka.

Kisha tukafungua lile dirisha jeusi la amri la Windows, tukaandika powercfg /batteryreport. Amri hiyo hutoa taarifa ya betri: uwezo wake ilipotengenezwa, na uwezo wake sasa. Mashine ya kwanza tuliyoipenda ilikuwa imebakiwa na chini ya nusu. Tukaiacha, tukachukua jirani yake yenye mikwaruzo juu ya kifuniko lakini betri yake ni nzima. Tulilipa shilingi 590,000. Zilizobaki zilinunua kipande cha pili cha ramu na pedi moja ya kuchezea, ili mmoja ashike pedi na mwenziwe ashike kibodi.

Nisingependa msomaji adhani kwamba mashine hiyo imemaliza yote. Ziko siku binti bado hupitia kibandani, kwa sababu rafiki zake wako huko, na urafiki haununuliwi Kariakoo. Lakini jioni nyingi yuko nyumbani, tena mara nyingine huja na wenzake wawili, na ukumbi hujaa kelele. Siku baba yake asipokuwa zamu, wawili hao hulima shamba lao la kwenye kioo, wakibishana juu ya mbegu. Muda wa mchezo una mwanzo na mwisho unaojulikana, na muda wa masomo vilevile. Hakuna anayeficha kioo mtu mzima apitapo. Mama mkwe bado haoni uzuri wa magari yale yanayogongana, ila hajapata kusikia ugomvi alioutabiri.

Ndugu msomaji, laki saba ni jasho, na mfanyakazi ana haki ya kuuliza kila shilingi inakwenda wapi. Lakini haki hiyo huanza kwa kusema kweli. Mchezo katika familia si aibu, una fungu lake kama vile chumvi ilivyo na fungu lake katika mboga. Likate fungu hilo kwa kipimo cha mfuko wako, liandike jina lake katika karatasi, kisha uende nayo dukani.