Njia ya Mchanga Hadi Ruvuma na Haki ya Aliyelipa

Katika miaka iliyotangulia 2017, msafiri aliyetaka kutoka Mocímboa da Praia kwenda Palma alilazimika kuamka kabla jogoo hajawika. Magari ya abiria ya kaskazini mwa Msumbiji, ambayo wenyeji huyaita chapa, yalikuwa na desturi ya kuondoka gizani, na aliyefika stendi jua limekwisha kuchomoza aliambulia vumbi tu. Mwendo wenyewe ni wa kilomita zipatazo 80. Lakini njia ilikuwa ya udongo na mchanga, na mvua zilipoingia mwishoni mwa mwaka hakuna dereva aliyethubutu kutaja saa ya kufika.

Nchi hiyo ni nzuri kuitazama. Mikorosho na mashamba ya mihogo hufuatana na misitu, kisha minazi huashiria kwamba bahari haiko mbali, na Palma hujitokeza juu ya ghuba yake ya Tungi. Mgeni atokaye Mtwara hatapotea hapo: Kimwani na Kimakwe vitamchanganya kidogo, lakini dukani Kiswahili chake kitaeleweka. Mbele zaidi ni Kionga, kipande cha ardhi ambacho Wajerumani walikitwaa mwaka 1894, Wareno wakakirudisha mikononi mwao mwaka 1916. Baada ya Kionga ni Namoto, na baada ya Namoto ni mto Ruvuma. Kabla Daraja la Umoja halijafunguliwa mwaka 2010 huko Negomano, mbali sana bara, mwenye gari aliyefuata mwambao hakuwa na budi kusubiri pantoni, na pantoni nayo ilisubiri maji yajae.

Njia ngumu namna hiyo iliwavuta pia watu wasiokuwa na shida ya kusafiri. Wapenzi wa landrova na magari mengine ya porini walikuja kutoka Afrika Kusini kwa misafara, na baadhi yao walikuwa wamemlipa kiongozi wa msafara ada kamili kabla ya kuondoka kwao. Mwanakijiji aliyewaona wakipunguza upepo wa magurudumu ili tairi zitanuke juu ya mchanga huenda aliwacheka. Hata hivyo misafara ya aina hiyo ina kanuni moja inayostahili heshima. Kila dereva humwangalia wa nyuma yake katika kioo, na akifika njia panda hasogei mpaka yule wa nyuma amemwona ameelekea wapi. Gari la mwisho hubeba kamba na spana. Gari likinasa, wote husimama, kwa kuwa mwenye gari lililonasa amelipa ada ile ile waliyolipa wenzake.

Sasa na tulitazame chapa. Humo nauli ilikuwa moja, lakini safari zilikuwa nyingi. Aliyeketi karibu na dereva alisafiri kwa starehe; aliyekuwa nyuma alikaa juu ya magunia ya mchele na madumu ya mafuta, huku mguu mmoja ukining'inia nje. Mama mwenye mtoto mgonjwa aliyefika wa kwanza aliweza kuondolewa kiti chake kwa sababu amekuja mtu mwenye mkoba. Utingo, ambaye huko huitwa kobradori, alikusanya fedha mapema, na fedha ikishaingia mfukoni mwake hoja ya abiria ilikuwa imekwisha nguvu. Tena gari liliponasa katika mchanga, waliokuwa juu ya magunia ndio walioteremka kusukuma. Wa mbele waliteremka kunyoosha viungo.

Kusukuma si aibu, na katika nchi ya mchanga hakuna dereva awezaye kuahidi kwamba hatanasa. Ubaya ni kutokuambiwa. Mtu anayelipia safari ya Palma ana haki ya kujua tangu stendi kama gari lina jembe na kamba, kama litapakia tena njiani hadi watu wakose pa kushika, na kama nusu ya nauli itarudi iwapo safari itaishia Mute. Mwenye gari naye ana hoja zake: mafuta ni ghali, springi hukatika, na siku moja ya matope huweza kula faida ya wiki nzima. Hoja hizo ni za kweli, na zingepokewa vizuri zaidi kama zingetolewa kabla ya fedha kukusanywa.

Kwamba jambo hilo lawezekana, mfano uko Kenya. Tangu mwaka 1989 hufanyika huko mashindano ya magari ya porini yaitwayo Rhino Charge, ambamo washindani hupita vituo 13 kwa saa 10, na mshindi ni yule aliyetumia mwendo mfupi kuliko wote. Mahali penyewe hufichwa mpaka siku zinapokaribia. Watazamaji hulipa kiingilio, na kinachopatikana ni nyika tupu. Lakini hutangaziwa mapema kwamba kila mmoja aje na maji yake, chakula chake na hema lake, na kwamba takataka zake ataondoka nazo. Wanajua pia fedha inakwenda wapi: katika kuhifadhi misitu, ukiwamo uzio wa milima ya Aberdare wenye urefu wa kilomita 400 hivi, uliokamilika mwaka 2009. Mtu aliyeambiwa kwamba atalala juu ya mawe hana sababu ya kulalamikia mawe.

Huko Cabo Delgado vita vilizuka Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, na misafara ya wapenzi wa magari ikatoweka. Palma yenyewe ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Watu waliokimbilia katika hoteli moja ya mji huo walijaribu kutoka kwa msururu wa magari siku mbili baadaye; magari yakashambuliwa njiani na wengine hawakufika. Baadaye shirika la Amnesty International lilieleza, kwa ushuhuda wa walionusurika, kwamba katika helikopta Wazungu walitangulizwa kuliko wenyeji. Kampuni iliyorusha helikopta hizo ilikanusha. Vyovyote ilivyokuwa, swali la stendi lilikuwa limerudi kwa sura ya kutisha: nani apande kwanza, na nani amwambie mwingine asubiri.

Wakazi wengi wamekwisha kurejea Palma na Mocímboa da Praia, na anayehitaji hospitali kubwa au soko la Pemba bado hana budi kupanda gari. Kwa nyakati mbalimbali magari ya barabara kuu yamekwenda kwa misururu chini ya ulinzi wa askari. Katika msururu wa namna hiyo gari bovu haliwezi kuachwa nyuma kwa sababu tu utingo wake amekwisha kukusanya nauli, wala abiria wake hawawezi kuambiwa wasukume huku wengine wakiendelea na safari. Kamba ni ya shilingi chache tu, na kila gari lina mahali pa kuifunga.