Shamba la Malisho Kinangop: Nilivyoliona Kiangazi na Nilivyoliona Masika

Mwenye kununua ng'ombe hutazama meno na kiwele. Je, mwenye kununua shamba la malisho hutazama nini? Swali hili sikujiuliza mpaka nilipokuwa nimekwisha kutoa fedha yangu. Najua ya kwamba wengi kati ya wasomaji, wakulima na makarani wenzangu, wana nia kama ile niliyokuwa nayo. Kwa hiyo nimeona si vibaya niwasimulie safari zangu mbili za Kinangop, moja ya mwezi wa Februari na nyingine ya mwezi wa Mei, ili wapate faida yake bila ya kulipa gharama niliyolipa mimi.

Mimi ni karani wa serikali mjini Nairobi, na kwetu ni Murang'a. Mashamba yetu huko yamegawanywa baina ya ndugu na ndugu hata mengine hayazidi uwanja wa mpira. Baba alipofariki alituachia ng'ombe, ambao sasa wamekuwa tisa. Hufungwa zizini mchana kutwa, na majani huletwa kichwani kutoka kando ya barabara. Kwa miaka mingi mama amekuwa akituambia, "Ng'ombe wa baba yenu hawajui kutembea." Basi nilipojaliwa kuweka akiba katika chama chetu cha ushirika, nikaongeza na mkopo, nilinunua ekari saba katikati ya Njabini na Engineer. Habari za kupima mipaka, kibali cha bodi ya ardhi na cheti cha kumiliki sitazieleza, maana zote zilikwenda kwa utaratibu wake. Lililobaki lilikuwa neno moja tu: ardhi hii tuitumieje?

Katika jamaa yetu palikuwa na mashauri matatu. Ndugu yangu mdogo alitaka tuilime yote tupande viazi, kwa kuwa Kinangop ni nchi ya viazi na magunia yake huonekana kila siku katika masoko ya Nairobi. Mama alitaka ng'ombe wote tisa wahamie huko. Mimi nilikuwa nimejisomea mengi, nikataka ng'ombe wa gredi wa maziwa, tena wengi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuiuliza ardhi yenyewe.

Safari ya kwanza niliishika siku ya Ijumaa baada ya kazi. Matatu ilipita Limuru, ikapanda penye ukungu na misitu ya misonobari, na upande wa kushoto Bonde la Ufa likafunguka ghafula, mlima Longonot umekaa chini yake peke yake. Tulifika Soko Mjinga, ambapo akina mama hupanga viazi, kabichi na karoti kando ya barabara kuu, kisha tukakata kulia kuelekea Njabini. Toka hapo nchi hubadilika. Si vilima tena kama kwetu. Ni uwanda mpana ulioinuliwa juu kama meza, kiasi cha mita 2,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Mashariki yake umesimama mlima wa Nyandarua, na magharibi nchi huanguka kwenda Naivasha. Maji yanayotiririka kutoka mlima huo hujaza bwawa la Sasumua, ambalo tangu miaka ya 1950 limekuwa likinywesha watu wa Nairobi.

Wamasai walichunga katika uwanda huu kabla ya mapatano ya mwaka 1904 yaliyowatoa Bonde la Ufa. Baada yao wakaja walowezi wa Kizungu na kondoo zao na ng'ombe zao. Na kuanzia mwaka 1962 mashamba yale makubwa yalianza kukatwa vipande na kugawiwa wakulima wadogo. Naona ya kwamba kila aliyekuja hapa alikuja akifuata majani, na mimi nilikuwa wa mwisho katika safu ndefu.

Nililala kwa mwenyeji mmoja pale Njabini. Alfajiri nilipofika shambani majani yote yalikuwa meupe, kana kwamba mtu amemwaga unga usiku. Ilikuwa jalidi, yaani umande ulioganda kwa baridi. Huanguka hapa hasa miezi ya Januari na Februari, wakati mbingu ni safi na upepo umetulia. Jua lilipopanda weupe ule uliondoka, nikaona sehemu ya juu ya shamba langu ni ya rangi ya kahawia, majani mafupi, makavu, yameungua ncha. Lakini chini, karibu na kijito, palikuwa na bonde dogo la ekari mbili, kijani kibichi kabisa! Moyo wangu ulifurahi. Kwa kweli ni bonde lile lililonivuta kununua nilipoonyeshwa shamba mwezi wa Januari. Nikasimama pale, nikahesabu kwa kidole ng'ombe tisa wa mama wakila kiangazi chote bila ya dhiki.

Mzee mmoja, jirani yangu mpya, alikuja kunisalimu. Yeye aliletwa nchi hii mwaka 1964 akiwa mtoto mgongoni mwa mamaye, na tangu hapo hajahama. Alisikiliza hesabu yangu kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, shamba hili umeliona mara ngapi?"

"Mara mbili, Mzee. Mwezi uliopita, na leo."

"Basi bado hujaliona. Usinunue ng'ombe, wala usiazime jembe. Rudi mwezi wa Mei, na kama unaye mzazi, uje naye."

Nilirudi Nairobi nimeudhika kidogo. Hata hivyo nilitii, kwani kuuliza si ujinga, na aliyejibiwa akapuuza hana wa kumlaumu.

Safari ya pili nilikwenda pamoja na mama. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha kwa majuma mengi, na ukungu umeufunika mlima wote hata usingejua kama uko. Tulifika shambani tumevaa viatu vya mpira. Lo! Sehemu ya juu, ile iliyoonekana maskini mwezi wa Februari, sasa ilikuwa imejaa nyasi za Kikuyu zitambaazo, nene kama zulia, na ndani yake klova ya asili ya nyanda hizi. Na bonde langu zuri? Lilikuwa ziwa. Maji yalisimama katikati ya majani, na mama alipopiga hatua ya kwanza mguu ulizama hata muundi; alipouvuta, kiatu kikabaki matopeni.

Mzee jirani alikuja na jembe, akachimba shimo mbele yetu. Udongo mweusi ulikuwa wa kina cha shubiri moja au mbili; chini yake palikuwa na udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mgumu kama sakafu. "Sehemu nyingi za uwanda huu ndivyo zilivyo," alisema. "Maji hayapati njia ya kushuka. Kwa hiyo bonde hukaa kijani wakati wa jua, nalo humdanganya mgeni. Na viazi ukivipanda hapa, vitaoza kabla hujavionja."

Kisha akainama, akaokota kitu kidogo kutoka kwenye jani lililolowa, akakiweka juu ya kiganja chake. Kilikuwa konokono, si mkubwa kuliko punje ya mahindi. Alitueleza ya kwamba ndani ya konokono wa namna hii hukua mdudu wa minyoo ya ini. Mdudu hutoka, hujishika juu ya majani ya majimaji, na mnyama akila majani hayo humeza ugonjwa. Kondoo hufa upesi. Ng'ombe hukonda na maziwa hupungua. Dawa yake ipo, lakini mwenye kuwarudisha wanyama wake kila siku penye konokono atanunua dawa maisha yake yote. "Mwaka mmoja nilipoteza kondoo kumi na wawili," alisema, "nami nilidhani nawapa malisho bora kuliko ya watu wote."

Tulipanda naye kutazama ekari moja ya ukingoni, iliyojaa mafungu ya majani magumu ambayo ng'ombe hawayapendi. Nilisema hayo nitayang'oa. Wakati ule ule ndege mdogo wa kifua cha manjano akaruka kutoka kati yake. Mzee akasema ndege yule haishi nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya, katika nyanda zake za juu, naye hujenga kiota chake chini, ndani ya mafungu kama yale. Kila yanapolimwa, yeye huondoka. "Tena," akaongeza, "ndama wako watajificha upepo hapo. Si kila kisicholiwa ni bure." Basi ekari ile nimeiacha kama ilivyo.

Ndipo tukaketi kibandani kwake, tukapewa chai, nami nikatoa daftari. Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari. Tuliandika hivi: ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa anahitaji kilo 50 au 60 za majani mabichi kwa siku, na maji madebe matatu au zaidi akiwa anakamuliwa. Kwa majani yasiyotiwa mbolea, mzee huhesabu ekari mbili kwa ng'ombe mmoja. Ekari zangu ni saba. Toa mbili za bonde, toa moja ya ndege, zimebaki nne. Hao ni ng'ombe wawili. Tukipanda oti nusu ekari kwa ajili ya kiangazi, na kukata majani ya bonde wakati yamekauka tukayaweka akiba, tutaweza kulisha watatu.

Watatu, si tisa. Niliogopa kuinua macho kumtazama mama. Kwake yeye ng'ombe wale si hesabu. Kila mmoja ana ukoo wake, na ukoo huo unarudi mpaka kwa mtamba ambaye baba alimnunua kwa mshahara wake wa kwanza. Alinyamaza kwa muda mrefu, akitazama matope yaliyokuwa yakikauka juu ya mguu wake.

Mzee akasema kwa upole, "Mama, ng'ombe ana mdomo mmoja lakini ana miguu minne. Kile ambacho hakukila, atakikanyaga."

Mama akajibu, "Nimeona. Ng'ombe tisa hapa watakuwa tisa kwa mwezi mmoja tu." Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, bila ya kuulizwa na mtu. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika aje, na mtamba wake aje, na yule mweusi mwenye mimba. Wawili wabaki Murang'a, kwa sababu bila samadi yao kahawa itakufa. Wanne wauzwe. Sauti yake ilitetemeka kidogo alipowataja hao wanne, lakini aliwataja wote.

Fedha ya wale wanne ilinunua nguzo, seng'enge na birika la maji, na iliyobaki ikapunguza mkopo. Ekari tatu na nusu tulizigawa vipande sita. Ng'ombe hukaa kipande kimoja siku sita, kisha huhamishwa, hata kila kipande hupumzika siku thelathini kabla ya kuliwa tena. Miezi ya baridi, majani yakuapo polepole, huwapa majani makavu ili kipande kipumzike zaidi. Nusu ekari iliyo karibu na lango, penye udongo usiotuama maji, ndugu yangu hupanda oti mwaka huu na viazi mwaka ujao, naye ameridhika. Bonde tumelizungushia ua. Masika mnyama haingii. Asubuhi klova ikiwa imelowa, ng'ombe hupewa kwanza majani makavu, wasije wakavimba tumbo. Na kila juma hunyunyiziwa dawa ya kupe, maana ndigana kali haichagui ng'ombe wa maskini wala wa tajiri.

Ng'ombe walifika mwezi wa Agosti kwa lori, wakiwa na kibali cha bwana mifugo. Waliposhushwa walisimama langoni, wakitazama majani mbele yao kama watu waliofika mji wasioujua. Hata tulipowasukuma hawakuenda. Ndipo mama akatangulia mwenyewe, akaingia shambani bila ya kugeuka nyuma, na yule mwekundu akamfuata, hatua moja, kisha nyingine. Walitembea mpaka mwisho wa ua, wakarudi.

Ndugu wasomaji, nawasihi jambo hili. Kabla ya kuhesabu ng'ombe, lihesabu shamba. Na kabla ya kulihesabu, litazame kiangazi na ulitazame masika. Chimba shimo uone kilicho chini. Mwulize aliyekaa hapo kabla yako, wala usione haya kwa sababu ya elimu yako, kwa kuwa mimi nilijua kuandika hesabu vizuri sana, lakini aliyejua nini cha kuhesabu ni yule mzee mwenye jembe.